Dua Isiyosemwa kwa Sauti

Kuna dua ambayo wazazi wengi wenye watoto kama wangu huiomba kimoyomoyo. Haisemwi msikitini, haisemwi kanisani, na mama mkwe akiwapo haisemwi kabisa. Dua yenyewe ni fupi: Mungu wangu, mchukue yeye kwanza, kisha unichukue mimi. Hata tukipishana kwa siku moja tu, sawa.

Mtu ambaye hajalea mtoto mwenye ulemavu mkubwa akiisikia atashtuka. Ataiona kama laana. Kwani kuna mzazi gani anaomba kumzika mwanawe? Utaratibu tunaoujua ni kwamba watoto huwazika wazazi wao, na mambo yakipinduka tunasema msiba umezidi kimo. Hata hivyo, katika kikundi chetu cha wazazi hapa Likoni, siku mama mmoja alipoitamka waziwazi, hakuna aliyeguna. Ni mama mtu mzima, mwanawe ana miaka 31 na hajawahi kutembea wala kusema. Aliisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya unga: "Mimi naomba nimzike kwa mikono yangu." Tukanyamaza, kila mmoja akiangalia pindo la leso yake.

Nataka niulize swali ambalo siku hiyo hatukuliuliza. Je, mzazi anayeomba hivyo anakosea? Amepungukiwa na upendo, au na imani? Na kama hajapungukiwa na chochote, basi kilichopungua kiko wapi?

Ni haki msomaji ajue anayeuliza ni nani. Binti yangu ana miaka 16. Sitamtaja jina, kwa sababu hawezi kunipa ruhusa, na jina ni mojawapo ya vitu vichache alivyo navyo ambavyo ni vyake peke yake. Ana mtindio wa ubongo, ule mkali. Haketi bila kushikiliwa, hasemi, hawezi kumeza chakula kisichopondwa, na kifafa chake kinataka dawa asubuhi na jioni. Anapenda adhana ya alfajiri, mlio wa cherehani yangu na upepo wa feni usoni. Hapendi nepi iliyokaa wala kelele za ghafla, na kuna shangazi yake mmoja hampendi kabisa. Sijui kwa nini, lakini nimejifunza kuheshimu uamuzi wake. Zamani nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule ya kibinafsi. Niliacha kazi alipofika miaka 3, maana mwalimu anayeitwa nyumbani kila wiki hana darasa. Sasa nashona nguo mchana, na usiku nasahihisha miswada ya watu. Baba yake alihamia Nairobi. Hutuma pesa anapozipata, na simlaumu hapa kwa sababu makala haya hayamhusu.

Kabla ya kuitetea dua hii, lazima niitenge na jambo lingine linalofanana nayo kwa mbali. Mwaka 2018 shirika la Disability Rights International lilitoa ripoti kuhusu Kenya. Kati ya akina mama waliohojiwa Nairobi, asilimia 45 walisema kwamba walishinikizwa wawaue watoto wao wenye ulemavu. Takwimu hiyo haikutushangaza sana kikundini. Sisi pia tumeshauriwa mambo gizani. Kuna aliyeambiwa na jirani kwamba mtoto wa namna ile "haleleki", kuna aliyeambiwa ampunguzie uji. Ushauri huo unasema kwamba uhai wa mtoto hauna thamani. Dua inasema nini? Mtazame anayeiomba. Saa tisa usiku mama yule wa miaka 31 ya ulezi anaamka kumgeuza mwanawe ubavu, ili asipate vidonda vya kulalia. Anampaka mafuta kwenye mifupa iliyochomoza. Anapima maji kwa kiwiko kabla ya kumwosha. Mtu anayetaka mwenziwe aondoke duniani hamgeuzi ubavu saa tisa usiku.

Basi dua inatoka wapi? Nilimwuliza mama huyo, siku nyingine, tukiwa wawili tu. Nilimwambia: "Mama, ukihakikishiwa leo kwamba ukifa kuna mtu atakayekuja, anayejua namna anavyomeza, anayejua kilio cha njaa na kilio cha maumivu, ungeomba vilevile?" Akacheka. "Mwanangu, hapo ningeomba anizike yeye. Mimi ni mzee, haki yangu ni kutangulia."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Kumbe dua haimhusu mtoto hata kidogo. Inahusu mikono. Inasema kwamba mzazi ametazama kulia na kushoto, ametazama ofisini na ukooni, na hakuona mkono mwingine. Ukiisikiliza vizuri, dua hiyo ni tathmini ya huduma zetu za jamii, iliyoandikwa na watu wanaozijua kuliko mshauri yeyote.

Hebu tuzitazame huduma zenyewe. Sisemi kwamba hazipo. Mtu akisema Kenya haina kitu, hasemi kweli. Tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 54, inampa binti yangu haki ya kutendewa kwa heshima na kutajwa kwa lugha isiyomdhalilisha. Kifungu cha 43 kinaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu. Tulikuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, na mwaka 2025 tukapata mpya. Kwa upande wa karatasi, tumekaa vizuri.

Ukishuka kutoka kwenye karatasi, unaanza na kadi. Ili mtoto asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, hupelekwa hospitali ya serikali, akapimwa, fomu ikajazwa. Nakumbuka maswali. Anaketi? Hapana. Anasimama? Hapana. Anajilisha? Hapana. Anaongea? Hapana. Hakuna mahali pa kuandika kwamba anaijua adhana. Siilaumu fomu: anayetoa msaada lazima ajue haja ilipo. Lakini nilipotoka nje niligundua jambo. Maswali yote yalikuwa juu yake, na majibu yote yalitoka kwangu. Hakuna swali lililouliza: wewe usipokuwepo, nani atajibu?

Kisha kuna Inua Jamii, ambayo ina mpango wa watu wenye ulemavu mkubwa, yaani wale wanaohitaji kuangaliwa wakati wote. Kaya inayokubaliwa hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na kiwango hicho hakijaongezwa kwa zaidi ya miaka kumi. Pakiti ya nepi kumi za watu wazima naipata mtaani kwa takribani shilingi 900. Kwa nepi tatu kwa siku, 2,000 inaisha siku ya saba. Simaanishi pesa hizo ni za kudharauliwa. Katika kikundi chetu kuna nyumba ambako 2,000 ndiyo dawa ya kifafa, na bila hiyo hakuna dawa. Ninachotaka uone ni njia zinayopitia. Zinapita kwa mlezi: kitambulisho chake, alama ya kidole chake, simu yake. Kuna wakati wanufaika hutakiwa kuthibitisha kwamba wangali hai, na hiyo ni sawa, maana pesa za umma zina wenyewe. Lakini mlezi akifa, familia huanza safari ya chifu upya, huku mtoto bado anataka kula.

Bima ya afya ni hivyohivyo. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inamtambua binti yangu kama tegemezi wangu. Shule nayo? Vituo vya utathmini wa elimu, vile tunavyoviita EARC, vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmaki, na kazi yake ni kumpima mtoto na kusema anafaa kusomea wapi. Katika kituo kimoja swali la kwanza nililoulizwa ni: "Anajiendea chooni?" Nikasema la. Nikaambiwa nirudi akishaweza. Mwalimu aliyesema hivyo alikuwa na watoto 22 na msaidizi mmoja, nami nilimwelewa. Shule nyingine ilikubali kumpokea kwa sharti kwamba mimi niwepo, nishinde naye kutwa. Kwenye fiziotherapia tunapata nusu saa kila wiki mbili, kisha naambiwa, "Mama, haya utamfanyia nyumbani kila siku." Ni ushauri mzuri wa kitaalamu, na naufuata. Lakini jumlisha mwenyewe. Kadi, pesa, bima, shule, mazoezi: kila huduma imejengwa juu ya nguzo moja, nayo ni uhai wa mama.

Nguzo hiyo iliwahi kutikisika. Mapema mwaka 2018, chikungunya ilipoenea Mombasa, nami niliugua. Anayeujua ugonjwa huo anajua kwamba viungo vinakaza hadi huwezi kufungua kifuniko cha chupa, sembuse kumnyanyua mtoto. Binti yangu alikuwa na miaka 8. Kwa siku tisa aliogeshwa, akalishwa na kugeuzwa na akina mama wa kikundi, wakipokezana zamu, kila mmoja akiwa ameacha mtoto wake kwa mtu mwingine. Mmoja alivuka feri mara mbili kwa siku. Nilipiga simu nikitafuta ofisi yoyote yenye mtu wa kumwangalia mtoto wakati mlezi anaumwa. Kote nilikopiga niliulizwa swali lilelile: "Kwani huna dada?"

Nilipopona, watu walikuja kunipongeza. Hapa nataka kusema kitu kuhusu pongezi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kutoka mbali, unaona mwepesi. Lakini siku hizi watu hawasemi mzigo wangu ni mwepesi. Wanasema mimi ndiye mwenye nguvu. "Mama shujaa." "Mungu hampi mja mzigo asioweza kuubeba." "Mimi nisingeweza, wallahi." Wanayasema kwa nia njema, na kuna siku maneno hayo yamenisimamisha. Hata hivyo yana hesabu ndani yake. Kama Mungu alinichagua kwa sababu naweza, basi wewe usiyeweza hukuchaguliwa, na huna deni. Sifa inakuwa njia ya kunilipa bila kutoa kitu mfukoni. Tena nguvu zinazosifiwa ni za mwanamke wa miaka 43. Nitakapofika 70, mgongo ukiwa umekwisha na yeye akiwa mtu mzima wa miaka 43, sifa hizo zitamnyanyua?

Msemo mwingine tunaousikia sana ni hujafa hujaumbika. Kwa kawaida hutumiwa kumwonya mtu asimcheke mwenye ulemavu: usicheke, huenda kesho ikawa zamu yako. Naukubali, ingawa heshima inayoletwa na woga ni heshima nyembamba. Lakini msemo huo una maana nyingine pana zaidi. Unasema hakuna aliyekamilika. Kila mtu alianza maisha akiwa hawezi kuketi wala kujilisha, na wengi watayamaliza hivyohivyo, wakigeuzwa ubavu na mtu mwingine. Ule muda wa katikati, tunapotembea wenyewe na kujiona wakubwa, ndio tunaouita maisha ya kawaida, halafu tunapanga nchi nzima kana kwamba ndio muda wote.

Mwanafalsafa mmoja wa Marekani, Eva Feder Kittay, amelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe ni mama wa binti mwenye ulemavu mkubwa wa akili, aitwaye Sesha. Katika kitabu chake cha 1999, Love's Labor, anahoji nadharia za haki zinazowaza jamii kama mkataba kati ya watu wazima wenye nguvu na uhuru. Anauliza: je, wale wasioweza kuingia mkataba huo wako wapi? Na wale wanaowalea, ambao mikono yao haiko huru kamwe, wako wapi? Hoja yake ni kwamba kumtegemea mwenzio ni sehemu ya kuwa binadamu, na kwa hiyo anayemlea tegemezi naye anastahili kulelewa na jamii. Anaulinganisha wajibu huo na wa mwanamke anayemsaidia mzazi aliyejifungua: hamnyang'anyi mtoto, anamtunza mama ili mama aweze kumtunza mtoto. Mswahili hahitaji kuelezwa hilo kwa kirefu. Mama akijifungua, kuna mtu wa kumkanda kwa maji ya moto, kuna mtu wa kupika uji. Arobaini ikiisha, kila mtu anarudi kwake, kwa sababu tunajua mtoto atakua. Mtoto wangu hakui kwa namna hiyo. Arobaini yetu haijaisha, ila waliokuja kukanda waliondoka miaka mingi iliyopita.

Nilipomsoma Kittay niliona pia tofauti kati yetu. Yeye alikuwa na msaidizi, Peggy, aliyemlea Sesha kwa miaka mingi na ambaye anamwandika kwa heshima kubwa. Baadaye Sesha alienda kuishi katika makazi ya watu wazima wenye ulemavu, karibu kiasi cha mama yake kumtembelea. Simwonei wivu. Ninasema tu kwamba hata mama aliyeandika vitabu juu ya upendo wa mzazi alijua kwamba upendo hautoshi. Upendo unahitaji zamu.

Najua kuna atakayenijibu: hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tuna ukoo. Mtoto ni wa jamii nzima, damu nzito kuliko maji. Ningependa iwe hivyo, na mahali pengine ndivyo ilivyo. Lakini tukiacha kuongea kwa jumla, ukoo ni nani? Katika nyumba 16 za kikundi chetu, ukoo ni nyanya mwenye presha, ni dada aliyeacha shule, ni yaya anayelipwa kidogo mno na kuondoka baada ya miezi mitatu. Tukisema ukoo tunamaanisha mwanamke mmoja ambaye hatujamtaja jina.

Kwangu mimi mwanamke huyo ni msichana wa miaka 11. Ni binti yangu mdogo. Anajua kupima dawa kwa bomba la sindano, anajua kumlaza dada yake ubavu kifafa kikimshika. Wageni humsifu: "Huyu ndiye atakayekufaa." Kila nikisikia hivyo moyo unanikaza. Anampenda dada yake, hakuna shaka. Lakini mapenzi ya mtoto wa miaka 11 si sahihi ya mkataba wa maisha. Akitaka kwenda kusoma Eldoret je? Akiolewa na mtu asiyetaka? Asipoolewa kwa sababu hiyo? Shamba humrithisha mtu, nyumba humrithisha mtu. Je, nina haki ya kumrithisha binadamu mmoja binadamu mwingine kabla hajafika umri wa kukataa? Nadhani sina. Na hapa ndipo dua inapozidi kuwa nzito, kwa sababu anayeomba mkubwa atangulie anaomba pia mdogo aachwe huru. Kuna watoto wawili ndani ya dua hiyo.

Sheria, kwa kadiri yake, imejaribu. Sheria ya Watoto ya 2022 inamruhusu mzazi kuteua mlezi kwa wosia, na mahakama inaweza kurefusha ulezi baada ya mtoto kufikisha miaka 18 ikiwa hali yake inataka hivyo. Lakini sheria inaweza kumtaja mlezi, haiwezi kumzaa. Baada ya miaka miwili binti yangu atahesabiwa mtu mzima. Mama mmoja wa kikundi amekwishapitia hapo. Alipompeleka mwanawe kuchukua kitambulisho, ngumi za kijana hazikufunguka, na alama za vidole zilipatikana baada ya kumkanda kidole kimoja kimoja kwa maji moto. Karani alikuwa mpole, alisubiri karibu saa nzima. Aliporudi nyumbani mama huyo alituambia: "Sasa ni raia kamili. Ila bado nchi nzima anayoijua ni mimi."

Jibu la pili ni la pesa. Nchi yetu ina madeni, ina shule zisizo na walimu, na Katiba yenyewe, Kifungu cha 21, inasema haki hizi za kijamii zitatimizwa hatua kwa hatua. Nakubali. Sitegemei kila kata ijengewe makazi kama yale ya Sesha. Lakini "hatua kwa hatua" ina maana kwamba kuna hatua inayopigwa. Sisi wazazi tunazeeka hatua kwa hatua, na mwendo wetu hausubiri bajeti.

Tena hatua nyingine hazihitaji utajiri. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba wakiwa na mikoba yao. Mmoja hupita kwangu. Hupima presha yangu, huuliza kama tunatibu maji ya kunywa. Mtu huyo anaujua mlango wetu. Je, ni vigumu kiasi gani kila mtu mwenye ulemavu mkubwa kuandikiwa, pamoja na mlezi wa kwanza, mlezi wa pili anayejulikana, aliyefunzwa kumlisha bila kumpalia, na anayelipwa kitu kwa siku anazomwachia mama apumzike? Je, ni vigumu kiasi gani malipo ya Inua Jamii yasikatike mlezi akifariki, ila yahamie kwa huyo wa pili mara moja? Je, haiwezekani fomu ile ya hospitali iwe na ukurasa mmoja zaidi, wa kuandika namna anavyomeza, anachokipenda, anavyolia? Sisi kikundini tumeanza kuuandika wenyewe. Kila mzazi ana daftari. Langu lina kurasa 38, na ukurasa wa kwanza unasema: akigeuza uso kushoto, ameshiba.

Sasa nirudi kwenye swali. Je, mzazi anayeomba mwanawe atangulie anakosea? Nimelizungusha kichwani miaka mingi, na jibu langu ni hapana. Hakosei, kwa sababu haombi kifo cha mtoto. Anaomba mtoto asiachwe, na kifo ndicho kitu pekee alichopewa kuombea. Upendo wake haujapungua. Umefika mwisho wa mikono yake na haukukuta mikono mingine ya kupokezana. Anayetaka kumkemea mama kama huyo kwa kukosa imani ajiulize kwanza yeye mwenyewe amejitolea siku ngapi kwa mwaka.

Lakini nasema pia kwamba dua hiyo isigeuzwe kuwa jambo la kawaida, kitu cha kusikitikia kidogo na kupita. Tuna mazoea ya kuipima kazi ya huduma za jamii kwa idadi: waliosajiliwa wangapi, waliolipwa wangapi, viti vya magurudumu vingapi vimetolewa na nani alipigwa picha navyo. Hata kuhesabu kwenyewe kuna mapengo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu kuanzia umri wa miaka 5, ikapata asilimia 2.2, wale wadogo zaidi hawamo kabisa. Mimi napendekeza kipimo kingine. Mwulize mzazi mwenye miaka 60, mwenye mtoto asiyeweza kujigeuza ubavu, kama anaogopa kufa. Sote tunaogopa kidogo, hilo ni la kibinadamu. Ila yeye mwulize anaogopea nini. Akitaja jina la mtu wa pili, mtu anayejulikana, mwenye namba ya simu na anayejua upande wa kumlaza, basi huduma ipo, hata kama ni ya kimaskini. Akitaja jina la Mungu peke yake, basi huduma haipo, hata kama kadi ipo, pesa zinaingia na sheria imetiwa sahihi.

Sitamwambia mzazi yeyote aache kuomba anavyoomba. Nitamwomba tu aiseme kwa sauti, mbele ya chifu, mbele ya mwakilishi wa wadi, mbele ya padri na imamu, mbele ya ndugu zake waume waliokaa kivulini siku ya harusi na siku ya mazishi. Dua iliyofichwa inamchosha mwenyewe. Ikisemwa, angalau inamfikia mtu mwenye mikono.